Mlevi Mlangoni kwa Alfa

"Nikanyageni basi!" Korotimi alipiga kelele. "Si mna haraka nyie? Nikanyageni mpite!"

Alikuwa amelala chali katikati ya mlango mkubwa wa ua wa akina Sidibe, kichwa nguzo hii, miguu nguzo ile, na mwiko wake wa kukorogea pombe ameukumbatia kifuani. Mwiko wenyewe mrefu, mweusi kwa moshi wa miaka mingi, unanuka kimea hata ukikaa mkavu. Wanaume waliobeba jeneza walikuwa wamesimama ndani ya ua, hawajui waende mbele au warudi nyuma. Nyuma yao walijaa wanazuoni waliofika asubuhi ile kutoka miji ya jirani, kanzu zimepigwa pasi, nyuso zimekunjwa, wakimtazama bibi kizee mwenye kilemba kilichopinda aliyejibwaga vumbini na harufu ya kilabu chake.

"Huyo mliyembeba ni mtumwa wangu," Korotimi akasema. "Nani kampa ruhusa ya kusafiri?"

Wazee wa mtaa wakachekea puani, kile kicheko cha msibani ambacho mtu anakitoa huku anaangalia chini. Walikuwa wanalingoja jambo hili tangu walipopata habari za kifo. Mfulani hazikwi hivi hivi mahali penye Wabobo. Mtani wake lazima azuie njia, amtukane, atukanwe, ndipo maiti ipite. Mfulani anayetolewa nyumbani kwake kimya kimya, bila Mbobo hata mmoja wa kumwita mwizi wa ng'ombe, watu humhurumia. Wanasema, maskini, kumbe hakuwa na mtu.

Lakini Belko, mtoto wa marehemu, hakucheka. Alikuwa ameshika mti wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Ondoka," alisema.

"Siondoki."

"Bibi, nakuambia kwa heshima, na hii ndiyo mara ya mwisho. Baba yangu ameoshwa, ameswaliwa, anakwenda kuzikwa. Kumchelewesha ni kumuudhi. Haya mambo yenu ya kipagani yapeleke kwenu."

"Kwetu wapi? Kwetu ndiyo hapa! Babu yako alipoingia mji huu na ng'ombe wake wenye upele, babu yangu ndiye aliyemwonyesha hata pa kwenda kujisaidia. Angemwacha tu, mngekuwa mmeshahama kwa aibu."

Kicheko kikapanda. Lasina Watara, mzee wa Kijula mwenye duka la kufuma vitambaa pale kona, akamsogelea Belko na kumgusa bega.

"Mwanangu, mjibu. Neno moja tu. Mtukane na wewe, mambo yaishe twende. Ndiyo desturi."

"Siwezi kubishana na mlevi mbele ya maiti ya baba yangu."

"Ee, hapo sasa umeanza vizuri," Lasina akasema, na watu wakacheka tena. Belko akakung'uta bega, mkono wa mzee ukaanguka.

Marehemu, Alfa Burema Sidibe, mwanachuoni mkubwa wa mji, hakuwa mtu wa kawaida, na Korotimi alikuwa wa kwanza kulikana hilo. Watu walisafiri kutoka mbali kumletea mambo yaliyowashinda: mirathi iliyogombanisha ndugu, ndoa zilizofungwa vibaya, mistari migumu ya vitabu vya zamani ambayo walimu wao waliiruka. Alikuwa anasikiliza amefumba macho, mpaka mgeni anadhani mzee kalala. Halafu anauliza swali moja dogo, na yule mgeni anakuta jibu alikuwa nalo mwenyewe tangu kwao. Alifunga siku ambazo hakuna aliyemwamrisha kufunga. Alilia katika swala bila kumwonea haya mtu, na akitoka hapo anakwenda kumtania muuza nyama mpaka nyama inasahaulika. "Kichwa kikubwa cha bure," Korotimi alikuwa anasema. "Kitikise, utasikia maziwa yanacheza ndani."

Walijuana tangu utotoni, na walijuana kwa ugomvi. Ng'ombe wa baba yake Burema waliingia katika mtama wa baba yake Korotimi, wakala walichokula na kukanyaga kilichobaki. Badala ya wazee kushikana mashati, wakawatanguliza watoto, mmoja huku na mmoja kule, watukanane mpaka hasira ipoe, maana ndivyo mambo ya Mfulani na Mbobo yanavyomalizwa. Korotimi alikuwa na mdomo tayari umri ule. Alimmiminia kila alichokijua. Burema, katoto kembamba kenye ubao wa kusomea kwapani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtukana kwa mpangilio: kwanza ukoo, halafu nyumba, halafu pua. Korotimi alicheka mpaka akakaa chini kwenye mtama uliolala. Kuanzia siku hiyo hakuna kati yao aliyepata kutukanwa vizuri na mtu mwingine.

Walipokuwa watu wazima, yeye mpika pombe kama mama yake, huyu Alfa kama baba yake, ilikuwa kila baada ya swala ya alasiri Burema anapita kilabuni. Haingii ndani, Mungu apishe mbali. Anasimama nje ya ua wa mabua, mkono wa kanzu puani.

"We mlevi! Harufu yako inanibatilishia udhu!"

"Harufu haibatilishi udhu, ulinifundisha mwenyewe. Au ulinidanganya, mwizi wa ng'ombe?"

Halafu anaegemea nguzo na kutoa kile alichokuja nacho. "Koro, mtu kaapa hatavuka mto ule maisha yake yote. Mvua ikanyesha, mto ukahama, sasa nyumba yake iko ng'ambo. Kavuka au hajavuka?" Korotimi anajibu huku anakoroga, au anatia ute wa bamia mtungini ili machicha yatulie, au anamfokea mnywaji asiyejua kukaa. Burema analichukua jibu lake na kulivunjavunja mbele yake, na likikataa kuvunjika anafurahi kuliko alivyofurahi likivunjika. Alimwambia siku moja kwamba nyumbani kwake kila mtu anamkubalia kwa heshima, na mtu anayekubaliwa kutwa nzima akili inamwoza. "Wewe tu ndiye huniheshimu," alisema, na hakuwa anatania.

Wala katika pombe hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Acha kazi hii, Koro. Nakuombea kila siku na kila siku unaniaibisha." Hapo sauti yake inakuwa nyingine, na Korotimi alijua kuwa rafiki yake anaamini kabisa kwamba yeye ataungua. Hakukasirika. Alimuuliza tu huko peponi kuna nini cha kumfaa mtu kama yeye.

"Kuna mito ya maziwa."

"Ndiyo maana mnasali hivyo nyie Wafulani! Kingine?"

Burema alisita, maana hakuwa mtu wa kuficha elimu. "Kuna mito ya mvinyo pia. Ila haulevyi."

"Haulevyi?" Korotimi aliacha kukoroga. "Nani kauharibu?"

Burema alishika ua wa mabua kwa mikono miwili, kicheko kikamkata pumzi, na wapita njia wakasimama kumtazama Alfa wao mkubwa akijifuta machozi nje ya kilabu cha pombe.

Kuna mwaka vijana waliokuwa wamepandwa na hamasa walikuja na marungu kuvunja mitungi. Burema akafika mbio, akatandika mkeka wake mlangoni pa kilabu, upande wa nje, akaanza kuswali. Akarefusha. Akainuka, akainama, akasujudu mpaka watu wakadhani amekufa pale chini, akainuka tena. Nani apite mbele ya mtu anayeswali? Vijana walisimama, wakachoka, wakakaa. Alipotoa salamu akawageukia. "Nimemkanya mwanamke huyu kwa ulimi maisha yangu yote na hajasikia. Nyinyi mnadhani mtungi ndio utasikia?" Walipoondoka alimgeukia Korotimi na kumkemea kwa kazi yake ya haramu kuliko alivyowakemea wao, mpaka Korotimi akasema bora mitungi ingevunjwa.

Belko hakuwepo mwaka huo. Alipelekwa mbali kusoma angali mdogo, na huko watoto wenzake, waliokwisha kusikia habari, walimwita mwana wa Alfa wa kilabuni. Alipigana, akapigwa, akasoma kwa hasira. Aliporudi alikuwa mtu mzima, mwenye elimu ya kweli na ulimi baridi, na siku ya kwanza tu ya kurudi kwake alimkuta baba yake kaegemea ua wa mabua, kichwa nyuma, anacheka. Nyumbani hakuwahi kumwona akicheka vile.

Kwa hiyo upepo wa vumbi ulipoanza na Alfa Burema akaanguka kitandani, Belko alifunga mlango mkubwa. Korotimi alileta uji wa mtama, mwepesi, umechujwa vizuri kwa mgonjwa asiyeweza kutafuna. Belko aliupokea mlangoni, akamimina chini mbele yake, mbuzi wakaja kuulamba.

"Mikono yako inapika haramu," alimwambia. "Baba yangu hatakutana na Mola wake na chakula chako tumboni."

Korotimi hakubishana. Alizunguka nyuma, kwenye ukuta wa chumba cha mgonjwa, akaweka mikono mdomoni. "Mwizi wa ng'ombe! Unajifanya mgonjwa ili usichote maji!" Akangoja. Ndani, redio ya kisomo ikapandishwa sauti mpaka ukuta ukatetemeka. Kesho yake akarudi. "Miguu ya fimbo wewe! Inuka, ng'ombe wamekwenda kwa mwenyewe!" Redio. Alikwenda hivyo siku nyingi, kijua kikali, vumbi jekundu kooni, na kila mara alirudi kilabuni bila kujua kama sauti ilifika au ilifia katika udongo. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Kwamba huenda Burema alikufa akidhani Koro kanyamaza.

Na sasa alikuwa amelala mlangoni pake, na vijana wawili aliowaashiria Belko walikuwa wanakuja kumwinua.

Wa kwanza alimshika mkono wa kushoto. Korotimi alimchapa mwiko wa ugoko, yule kijana akaruka kwa mguu mmoja huku anataja jina la mama yake. Wa pili akarudi nyuma bila kuguswa. Watoto waliopanda ukutani walishangilia. Mwanazuoni mmoja, mgeni, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hajawahi kuona mazishi ya mwanachuoni yakigeuzwa gulio.

Hilo ndilo lililomchoma Belko. Aliwaachia wenzake mti wa jeneza, akaja mpaka juu ya kichwa cha Korotimi, na maneno yakamtoka.

"Kizee mlevi! Umeishi kwa kuwauzia watu wazimu! Ukamganda baba yangu kama nzi kwenye kidonda, ukamvunjia heshima kwa watu, ukaichafua elimu yake mpaka ikanuka kilabu! Mtumwa usiye na haya! Huko uendako hata moto utakutapika!"

Mtaa mzima ukalipuka.

"Kajibu! Kajibu! Mfulani kajibu!"

Wanawake nje ya ukuta walipiga vigelegele. Lasina Watara alipiga makofi, machozi yanamtoka kwa furaha. "Damu ya Burema hiyo! Umesikia, Koro? Moto utakutapika! Haya, mama, inuka, umepata chako. Mpishe mwenzio aende." Wabeba jeneza wakaweka miti sawa begani na kupiga hatua.

"Simtanii!" Belko alisema, anageuka huku na huku. "Jamani, simtanii!" Watu wakazidi kucheka. Ndivyo Mfulani anavyotakiwa kusema.

Korotimi hakuinuka. Alikuwa anamtazama kijana yule kutoka chini, na alikuwa mtu pekee asiyecheka. Matusi aliyajua. Alikuwa akiyapokea maisha yake yote kutoka kwa fundi, na alijua kwamba tusi la mtani huachiwa nafasi, mahali pa mwenzako kuweka lake. Hili halikuwa na nafasi yoyote.

"Lasina, funga mdomo," alisema. "Huyu hatanii. Huyu ananichukia."

Aliyasema polepole, na waliokuwa karibu wakanyamaza, na wa mbali wakanyamaza kwa kuona wa karibu wamenyamaza.

"Na mimi namchukia," Korotimi akaendelea. "Tangu aliponimwagia uji wa Burema mbele ya mbuzi. Namchukia mpaka meno yananiuma. Basi hapa hakuna utani wowote, msijidanganye. Nikiinuka kwa tusi hili nitakuwa nimemsindikiza Burema kwa uongo. Siinuki."

"Sasa unataka nini?" Belko alisema. "Niambie unachotaka uondoke katika njia ya baba yangu. Unataka nini kwetu wewe?"

Korotimi alijiinua kwa kiwiko, akakaa. Vumbi lilikuwa limemshika nusu ya uso.

"Wewe ulikuwa chumbani," alisema. "Mimi nikipiga kelele pale ukutani, alikuwa anasikia?"

Belko akatazama jeneza. Neno moja lingetosha. Angesema hapana, na kizee yule angekwenda zake na asingeinua tena kichwa mtaani pale, wala mtu asingejua. Korotimi aliliona lile neno linavyomjia, aliona midomo inaanza kulitengeneza. Akangoja, mikono yake imeubana mwiko. Lakini Belko, hata umchukie vipi, alilelewa katika nyumba ile.

"Alikuwa anasikia."

"Na ile redio?"

"Aliniambia nizime. Sikuzima."

Watu wakaguna, na mguno wenyewe haukuwa mzuri. Mzee mmoja wa Kifulani akageuza uso wake ukutani.

"Alisema nini?" Korotimi akauliza.

"Upuuzi."

"Upuuzi gani?"

"Upuuzi tu! Maneno ya mgonjwa!"

"Nipe!" Korotimi alipiga mwiko chini kwa nguvu. "Nipe upuuzi wangu! Ni wangu huo, hukuachiwa wewe! Uji wangu umewapa mbuzi, na huo utampa nani?"

Kutoka ndani, nyuma ya pazia la chumba cha wanawake, ikatoka sauti ya Takko, mjane wa marehemu, nzito kwa kulia. "Mwambie, Belko. La sivyo natoka nimwambie mwenyewe, na eda yangu hii hii, mbele ya wageni wako wote."

Belko alisimama mikono imening'inia. Alipoanza kusema alisema meno yamefungana, macho kwenye udongo, haraka haraka, kama mtoto anayesomeshwa somo asilolipenda.

"Uliposema anajifanya mgonjwa, alisema, mwambieni mlevi asiegemee ukuta, ni ukuta wa Mfulani, umejengwa kwa dua tu, utamwangukia."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Uliposema miguu ya fimbo, alisema." Belko akasita, akawatazama wanazuoni. "Alisema, afadhali miguu ya fimbo kuliko makalio ya mtungi."

Hapo haikuwezekana. Hata wanazuoni wawili walikohoa ndani ya vilemba. Lasina alikuwa ameinama, ameshika magoti. Korotimi hakutabasamu. Alikuwa anasikiliza kwa uso mzima, mdomo wazi kidogo.

"Alikuwa anakujibu kila siku," Belko akasema. "Kwa sauti ambayo haikufika hata mlangoni. Nilikuwa nimeshika kikombe. Maji hawezi kumeza, lakini wewe anaweza kukujibu! Mimi nilimsomea usiku na mchana. Nilimgeuza. Nilimwosha kama anavyooshwa mtoto. Alinishukuru, alinibariki, alinishukuru tena, kama mgeni aliyefikia nyumbani kwangu. Hakunitania hata mara moja. Ikija sauti yako ananisukuma kifua kwa kile kimkono chake nitoke, nisimzibie." Sauti ikamkatika, akailazimisha. "Ndiyo, nakuchukia. Mungu anisamehe, nakuchukia, nasema hivyo yeye akiwa amelala hapa. Umeridhika?"

Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Upepo ulikuwa unasogeza pindo la blanketi la mistari lililofunika jeneza, na mbeba jeneza mmoja akalishika lisifunuke.

"Na la mwisho?" Korotimi akauliza. Hakumwonea huruma hata kidogo. "La mwisho alisema nini?"

"Siku ya mwisho hukuja."

"Najua sikuja. Alisema nini?"

"Upepo ulileta moshi wa kwako." Belko alijifuta pua kwa mkono wa kanzu. "Akanusa. Akasema, Koro kaunguza pombe. Nikamwambia, baba, nyamaza upumzike. Akasema, hajawahi kuunguza, Koro. Nendeni mkamtazame. Yule mtu ana huzuni." Aligeuza uso. "Sikwenda. Wala sikumtuma mtu."

Korotimi alikaa pale vumbini. Siku ile alikuwa ameketi mbele ya mtungi na mwiko huu huu mkononi, moto unawaka, na hakukoroga. Alitazama tu, akili haiko, mpaka chini kukashika na moshi ukageuka rangi. Alimwaga mtungi mzima mtaroni na kuwaambia wateja kwamba kimea kilikuwa kibaya, na wateja wake, walevi wa miaka yote, waliooza matumbo kwa pombe yake, waliamini. Mtu ambaye hakuwahi kutia tone moja la ile pombe ulimini ndiye aliyejua, kitandani, pua yake tu ikiwa bado inafanya kazi.

Aliuegemea mwiko akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipokwisha kusimama akasogea pembeni, mgongo kwenye nguzo, na mlango ukawa wazi.

"Haya," Lasina akasema kwa sauti ya chini. "Haya, twendeni."

Belko akarudi akashika mti wake. Jeneza likaja mbele mpaka kwenye kizingiti, na hapo Korotimi akanyoosha mwiko, akauweka njiani.

"Bado. Sijamtukana."

"Mtukane basi, mama, jua linapanda."

Alisogea karibu mpaka kilemba chake kikagusa ubao. Chini ya blanketi Burema alionekana mrefu kuliko alivyokuwa, na mwembamba, hata yale masikio yake makubwa hayakujulikana yalipo. Korotimi alikuwa amekuja na matusi. Tangu aliposikia kilio cha Takko alikuwa akiyapanga njia nzima: lipo la maziwa, lipo la ndama, lipo moja kuhusu ndevu ambalo alilitunza mwaka mzima akingoja siku nzuri. Yote yalikuwepo. Alifungua mdomo, akalishika lile la ndevu, tamu kweli kweli, na akaona mahali pale penye nafasi, pale anapotakiwa Burema kuingiza lake. Akafunga mdomo.

Akafungua tena.

Mtaa wote ulimtazama. Mtoto ukutani aliuliza kwa nini bibi hasemi, akafinywa. Korotimi alivuta pumzi, mabega yakapanda, na pumzi ikatoka bure. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la blanketi na yeye hajui.

"Ndugu zangu," akasema yule mwanazuoni mgeni kutoka nyuma, kwa upole, "tumharakishe ndugu yetu. Hii siyo sawa." Wabeba jeneza wa nyuma wakaanza kusukuma. Wa mbele upande wa kushoto akapiga hatua.

Mti wa kulia haukusogea, na jeneza zima likasimama.

"Ngojeni," Belko alisema. "Hajamtukana bado."

Hakumtazama Korotimi. Uso wake ulikuwa bado uso wa mtu anayetamani kutema mate, na shingo imemtoka mishipa. Aliuhamisha mti kutoka bega moja hadi jingine, akapanga miguu yake vizuri mavumbini, akasimama.